Hatua Thelathini

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba kwenu ni Karagwe, atakuuliza bei ya maharage. Ukimwambia ni Kyerwa, atakuuliza, "Ndiyo wapi huko?" Kwa hiyo mimi huwa nasema Karagwe tu na mambo yanaishia hapo, maana hata wilaya yetu yenyewe ilizaliwa juzi, mwaka 2012, ilipokatwa kutoka Karagwe. Kwetu ni upande wa Kaisho, njia ya kwenda Murongo, ambako ukivuka Mto Kagera umeshaingia Uganda. Ni nchi ya vilima, migomba na kahawa. Kahawa ndiyo iliyonilipia ada mpaka kidato cha nne, mwaka 2017. Matokeo hayakunipeleka kidato cha tano. Wenzangu wakaenda kuendesha bodaboda Omurushaka na Kayanga, wengine wakashika njia ya Mwanza. Mimi nikanunua kaunta buku la kurasa mia mbili nikatangaza nyumbani kwamba naandika riwaya.

Baba akanitazama, akauliza, "Riwaya inavunwa mwezi gani?"

Nilitaka iwe riwaya ya mwindaji. Sababu si ngumu. Babu yangu mzaa baba alikuwa mwindaji, na baba yake alikuwa mwindaji, na juu ya dari la nyumba ya Babu kulikuwa na gobore lililofungwa kwa gunia ambalo sisi watoto tuliruhusiwa kulijua lakini si kulitaja. Kwa Kinyambo bunduki ni embundu. Ukilitamka neno hilo mbele ya wageni, Bibi alikuwa anakufinya.

Sasa, ndugu msomaji, sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tunaijua bunduki kwa sinema. Jamaa analala kifudifudi juu ya ghorofa, anafumba jicho moja, na kilomita nzima mbele yake mtu anaanguka, huku mtafsiri anapiga kelele mpaka spika inakwaruza. Nikadhani mwindaji hodari ni yule apigaye mbali. Siku moja, mwaka 2022, nikamfuata Babu chini ya mwembe na kaunta buku langu, nikamuuliza gobore linafika umbali gani.

"Unataka umbali wa kufika au umbali wa kuua?" akasema.

"Kwani vina tofauti, Babu?"

"Tofauti yake ni mnyama anayekwenda kufia vichakani siku ya tatu, risasi yako iko tumboni."

Nikaandika. Akanitazama ninavyoandika, akaniambia niache kwanza. "Huwezi kuandika kitu ambacho bega lako halikijui. Kesho twende kwa fundi."

Fundi mwenyewe ni seremala, mtengeneza vitanda na milango. Babu akamwambia amchongee mjukuu wake bunduki ya mti. Fundi akacheka, Babu hakucheka. Akaeleza kwamba mimi natumia mkono wa kushoto, na gobore la nyumbani lilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia: kile kinyundo kinachogonga fataki kiko upande wa kulia, na mtu wa kushoto akiegemeza shavu pale, cheche na moshi vinamrukia machoni. Katika ukoo wetu, alisema, mwenye mkono wa kushoto hakuwahi kupewa gobore. Alibeba nyama.

Basi nikapimwa kama ninashonewa suruali. Kutoka kwenye kiwiko, mkono ukiwa umekunjwa, mpaka kwenye ncha ya kidole cha kufyatulia: huo ndio urefu wa kitako. Kitako kikiwa kirefu kinanasa kwenye nguo unapoinua. Kikiwa kifupi kitakupiga pua. Kisha nikafumba macho, nikaegemeza shavu kwenye ubao, nikafumbua, na fundi akatia alama ya penseli mahali jicho langu lilipoangukia. Mti ulikuwa musizi. Musizi ni mwepesi, kwa hiyo fundi alitoboa ndani akachomeka kipande cha nondo mpaka Babu, akiwa ameshika gobore la kweli mkono mmoja na la mti mkono mwingine, akaridhika kwamba uzito ni mmoja. Malipo yalikuwa mkungu wa ndizi na jerikeni la rubisi. Niliporudi nayo nyumbani Bibi akapiga vigelegele: "Jamani, mume wangu ameoa mti!"

Hiyo ndiyo bunduki yangu ya kwanza. Haina tundu, haina kifyatulio isipokuwa kipande cha mti kinachocheza, na mpaka leo hakuna nyingine duniani inayonikaa begani kama ile.

Babu akaniwekea masharti mawili kabla sijaigusa mara ya pili. Kwanza, isimwelekee mtu hata kwa mzaha, hata kama ni mti. Pili, isitoke nje ya shamba letu. Yeye mwenyewe alikwenda kumweleza mwenyekiti wa kitongoji, akamwonyesha, mzee wa watu akaigonga kwa kidole akasikia ni mti, akakubali. Nikauliza kwa nini wasiwasi wote huo kwa kitu cha kuchonga. "Kwa mbali," Babu alisema, "ya mti na ya chuma ni moja. Askari wa hifadhi hatakuja kuigonga kwanza."

Mwezi wa kwanza sikulenga kitu chochote. Nilifundishwa kuinua na kushusha. Kila alfajiri kabla ya kwenda kupalilia, mara hamsini. Kisha Babu akaweka sarafu ya shilingi mia juu ya mtutu wa mti, karibu na ncha, akaniamuru nivute kifyatulio bila sarafu kuanguka. We acha tu! Siku za mwanzo ilianguka kabla hata sijavuta. Nikajifunza kwamba kidole hakivuti, kinaminya. Kwamba pumzi unaitoa nusu, unaisimamisha hapo, na una muda mfupi tu kabla moyo wako wenyewe haujaanza kutikisa mti. Mwisho wa mwezi sarafu ilikuwa inakaa.

Mwezi wa pili ulikuwa wa umbali. Babu alikuwa ananionyesha kitu, mgomba uliovunjika, kichuguu, mbuzi wa jirani, nami nikisie hatua. Nikishasema, natembea kuhesabu. Niliandika kwenye kaunta buku lilelile la riwaya: kushoto makisio, kulia hatua za kweli. Hapo niligundua jambo ambalo sinema haikunifundisha, kwamba jicho linadanganyika kwa utaratibu. Kukiwa na bonde katikati, kitu cha ng'ambo kinaonekana karibu kuliko kilivyo. Jua likikipiga sawasawa kinasogea, kikiwa kivulini kinarudi nyuma. Mbuzi niliyemkisia hatua 60 alikuwa 95. Kwa gobore, hatua 95 ni kelele na moshi tu.

Niseme kidogo kuhusu gobore, kwa sababu vijana wa mjini wanadhani ni raifo iliyozeeka. Sivyo. Gobore linashindiliwa kwa mbele: baruti, kitambaa, kisha risasi au vipande vya chuma. Ndani ya mtutu wake ni laini kama bomba la maji, kwa hiyo risasi inatoka inayumba, na kila hatua inayokwenda inazidi kukosa mwelekeo. Raifo ina mifereji iliyopinda ndani ya mtutu. Inaishika risasi na kuizungusha, na kitu kinachozunguka kinanyooka, kama pia ya mtoto inavyosimama. Hiyo mifereji ndiyo tofauti kati ya hatua 30 na hatua 300.

Na kwa nini babu zetu walibaki na bomba la maji? Nilikuwa sijawahi kujiuliza. Karagwe si nchi iliyochelewa kuiona bunduki. Wafanyabiashara Waarabu walikuwa na kituo chao Kafuro, na Novemba 1861 John Hanning Speke na mwenzake James Augustus Grant walifika kwa Omukama Rumanyika wakitokea pwani. Speke alikuwa mpenda kuwinda. Huku kwetu alipiga faru, na vichwa vyao vililetwa mbele ya Mukama, ambaye alistaajabu, kwa kuwa hakuna mtu wa kwake wala Mwarabu aliyewahi kufanya hivyo. Januari 1862 akaenda zake Buganda, akamwacha Grant Karagwe akiuguza mguu, na miongoni mwa zawadi alizompa Kabaka Mutesa ilikuwemo raifo ya Whitworth, mojawapo ya bunduki zilizolenga vizuri kuliko zote za wakati ule. Kwa hiyo wafalme waliijua. Lakini Julai 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi mapatano mjini Brussels, ambayo pamoja na mambo ya biashara ya watumwa yalizuia raifo na bunduki za kisasa kuingizwa Afrika, kuanzia latitudo 20 kaskazini mpaka 22 kusini, isipokuwa kwa vibali. Kilichoachiwa mwananchi ni bunduki ya kizamani yenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Mkoloni alitaka akupige akiwa mbali, wewe umfikie akiwa karibu. Gobore la ukoo wetu ni mtoto wa mapatano hayo. Baba yake Babu alilipata zama za Mwingereza, mtutu ukuukuu, kitako akachongewa upya na fundi wa hukuhuku kwa kipimo cha mkono wake.

Huyo Speke, kwa taarifa yako, alikufa kwa bunduki yake mwenyewe. Septemba 15, 1864, huko kwao Uingereza, akiwinda ndege, alikuwa anapanda ukuta mfupi wa mawe na bunduki ikafyatuka ikampata kifuani. Nilimsimulia Babu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Alipanda na bunduki iliyoshindiliwa? Mzee mzima?" Kesho yake tukafanya mazoezi ya kuvuka ua: unaiweka chini kwanza, mdomo wake ukielekea usipo, unavuka wewe, ndipo unaichukua. Tulirudia mpaka kuku wakatuzoea.

Mwezi wa tatu ulikuwa wa kukaribia. Shamba letu la mahindi linapakana na kichaka cha bondeni, ambako ngedere hushuka asubuhi, na mara mojamoja pongo. Babu alinipa kitambaa chenye majivu. Unakitikisa kidogo, unatazama majivu yanaelekea wapi, ndipo unajua harufu yako inakwenda kwa nani. Unatembea yeye akila, unasimama yeye akiinua kichwa. Unaweka unyayo kwa pembeni kwanza, ndipo kisigino. Ngedere hawakunipa nafasi hata siku moja. Yule mlinzi wao juu ya mti ana macho ya polisi wa usalama barabarani.

Pongo ilinichukua wiki sita. Siku moja, umande bado haujakauka, alisimama ukingoni mwa kichaka, dume, rangi ya udongo, madoa meupe ubavuni, pembe zimejisokota. Nilikuwa nimekwisha kumfikia kwa namna ambayo mpaka leo sijui niliwezaje. Nikainua mti wangu. Shavu likakaa mahali pake. Niliona sikio lake la kushoto limechanika, niliona kupe kwenye kope, niliona ubavu ukipanda na kushuka. Nikatoa pumzi nusu. Nikaminya. Kipande cha mti kikasema "tik", na kwa sauti hiyo ndogo yule pongo akabweka kama mbwa, akapotea.

Babu alikuwa nyuma yangu siku zote hizo, chini ya migomba. Akaja akahesabu hatua: thelathini na moja.

"Umemuua?"

"Nimemuua, Babu."

"Unajuaje?"

Nikamweleza kila kitu, mpaka kupe. Akaitikia kwa kichwa. "Hiyo ndiyo hatua thelathini. Hapo unajua unamuua nani. Unajua kama ni jike lenye mimba. Unajua kama amechoka, kama ni mgonjwa. Ukishindwa kumfikia hapo, hukushinda kumtafuta, rudi nyumbani ukale mihogo."

Mimi, kwa ubishi wangu wa darasani, nikamwambia kwamba kama angekuwa na raifo yenye darubini angemwona kupe vilevile, tena kutoka mlima wa pili. Akanijibu, "Ungemwona. Lakini yeye je?" Sikuelewa. Usiku nikakaa na hesabu za fizikia za kidato cha tatu. Risasi ya raifo ya kisasa inatoka kwa mwendo wa mita 800 hivi kwa sekunde, na njiani inapungua. Kufika mita 350 itachukua kama nusu sekunde. Katika nusu sekunde kitu chochote kinachoanguka kinashuka mita 1.2, kwa hiyo lazima ulenge juu, na makisio yako ya umbali yasikosee. Upepo nao unaisukuma, na upepo wa bondeni sio wa mlimani. Na katika nusu sekunde hiyohiyo, pongo anayetembea polepole ameshasogea zaidi ya nusu mita. Mahali pa kumpiga afe papo hapo ni kama sahani ya wali. Ukimlenga ubavuni, utampata tumboni, na wewe hujafanya kosa lolote la kidole. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba yeye alipiga hatua moja, na wewe ulikuwa mbali mno kuijua nia yake.

Nilipompelekea Babu hesabu hizo hakuzitazama. Alikaa muda, kisha akaniambia jambo ambalo baba yangu analijua na mimi nilikuwa silijui.

Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, Babu alikuwa mgambo. Walipewa mafunzo, wakapewa raifo, wakapelekwa upande wa Kyaka. Alikuwa anapiga vizuri, tena mbali, akasifiwa. Siku moja mwishoni mwa mwaka ule waliwaona watu ng'ambo ya mto, wadogo kama vidole, wakaamriwa wapige. Walikuwa kumi na wawili waliopiga. Mmoja kule akaanguka.

"Wa nani?" nikauliza. "Risasi ya nani?"

"Ndiyo hiyo," akasema. "Hakuna anayejua. Tulirudi tukala. Wengine walishangilia. Mimi mpaka leo nikiamka usiku nahesabu, kumi na wawili, mmoja. Na simjui. Sijui kama alikuwa askari, au mtu aliyefuata ng'ombe wake." Akachukua kiko chake. "Kupiga mbali ni kazi ya vita, mjukuu wangu. Vita ilikuwa lazima, wao ndio waliokuja. Lakini usiilete shambani."

Hakulizungumza tena, nami sikumuuliza tena. Sura ya nne ya riwaya yangu, ambayo ilikuwa imejaa risasi za mlima kwa mlima, niliiandika upya yote.

Hapa ningeweza kukuachia. Lakini gobore lilikuwa bado liko juu ya dari, na nchi tunayoizungumzia si ile aliyowinda Babu. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walipomiminika Ngara na Karagwe, watu walikuwa na njaa na mapori yalikuwa jirani. Nyama za Ibanda, Rumanyika na Burigi ziliingia kwenye masufuria kwa miaka miwili na zaidi, mpaka waliporudishwa kwao Desemba 1996. Wazee wanasema baada ya hapo pori lilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Kisha mwaka 2019 mapori yale ya akiba yakapandishwa hadhi: Ibanda-Kyerwa, Rumanyika-Karagwe na Burigi-Chato sasa ni hifadhi za taifa, na hifadhi ya taifa haiwindwi hata ukiwa na leseni ya dhahabu. Wanyama wameanza kurudi. Ng'ambo ya mto, upande wa Rwanda, Hifadhi ya Akagera imerudishiwa hata faru, waliletwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini mwaka 2017. Faru wale wale ambao Speke aliwapiga huku bila jasho.

Wanyama wakirudi, na watu wao hurudi. Mwaka 2023 baba mdogo alianza kutembelewa na mtu wa pikipiki, mstaarabu, kofia safi. Alikuwa hataki kununua gobore. Alitaka kulikodi. Usiku mmoja, pesa ya miezi miwili ya kahawa. Na si unajua kahawa ilivyo: mtu ameshauza butura, kahawa ikiwa bado maua mtini ameshakula hela yake, watoto wanadaiwa ada. Baba mdogo si mtu mbaya. Aliliweka jambo mezani mbele ya familia nzima, akasema gobore limekaa bure, halina leseni ya mtu aliye hai, kwa nini lisitusaidie?

Hilo la leseni lilikuwa kweli. Karatasi ilikuwa na jina la baba yake Babu. Babu alilitumia miaka yote kwa jina la marehemu, kulinda mahindi, na hakuna aliyemuuliza. Lakini kipande cha nyama ya porini bila kibali ni nyara ya Serikali, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 20 na zaidi. Mwenye kofia safi angekamatwa, gobore lingesema ni la nani.

Mwaka huohuo Serikali ilitangaza msamaha: kuanzia Septemba mpaka Oktoba, anayemiliki silaha kinyume cha sheria aisalimishe kituo cha polisi au kwa viongozi wa mtaa wake, hatashitakiwa. Septemba ndiyo mwezi ambao Umoja wa Afrika, tangu 2017, umeutenga kwa jambo hilo. Tulisikia redioni, sote tumekaa. Hakuna aliyesema neno. Asubuhi Babu akanigongea dirisha.

Tulilifunga kwenye mkeka, tukaenda na bodaboda mbili, mwenyekiti wa kitongoji akiwa mbele kama bwana harusi. Kituoni askari aliuliza kama limeshindiliwa. Babu akajibu kwa ukali kidogo kwamba tangu lizaliwe halijawahi kuingia nyumba ya mtu limeshindiliwa. Wakaandika kwenye kitabu, akatia dole gumba. Kabla ya kuliacha aliligeuza, akaweka kitako kwenye mkunjo wa kiwiko chake, kile kilichopimwa kwa mkono wa baba yake. Kilimtosha sawasawa. Akalilaza juu ya meza, mdomo ukielekea ukutani.

Baba mdogo hakutusemesha mpaka Krismasi.

Mwaka 2024 nilitimiza miaka 25, umri ambao sheria ya silaha ya 2015 inautaka kwa mwombaji. Nina haki ya kuomba leseni kama raia mwingine, nikithibitishwa tabia, afya na mafunzo. Marafiki wananiambia, wewe umeshajifunza yote, imebaki chuma tu, nunua shotigani ulinde mahindi. Nimelifikiria kwa uzito, si kwa mzaha. Nimeamua hapana. Ngedere wanakimbia debe likigongwa. Pongo yuko upande wa hifadhi, na mtu anaweza kumkaribia akiwa mikono mitupu kwa ufundi uleule, majivu yaleyale. Nilichokuwa nakitaka kwa bunduki, kumbe nilikuwa nakitaka kwa hatua thelathini.

Kwa wenzangu mnaoandika, sina somo kubwa. Nasema tu kwamba kabla shujaa wako hajafyatua, nenda uwanjani ukahesabu hatua kwa miguu yako, ujue anaona nini na haoni nini akiwa pale. Riwaya yangu imefika sura ya saba. Mwindaji wangu ni mkono wa kushoto.

Ile ya mti bado iko nyuma ya mlango. Wiki iliyopita baba mdogo alikuja, akazunguka maneno, mara mvua, mara bei ya kahawa, mwishowe akasema kijana wake wa miaka 12 anataka kuazimwa. Nikaitoa, nikampa mtoto aiinue. Haikumkaa. Yeye ni mkono wa kulia, na mikono yake mifupi. Nimewaambia waje Jumamosi wote wawili, twende kwa fundi.